Nilivyojivua Usimamizi kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejipindua. Mapinduzi yamefanyika leo saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye meza ya kulia, kati ya kikombe cha chai na kifutio. Aliyepinduliwa ni mimi. Aliyepindua ni mimi. Aliyenufaika yuko kwao, pengine bado amelala, na hajui lolote.

Niandike kwa utaratibu. Nikiandika kwa hasira daftari litachanika.

Familia yetu ina tovuti nne. Ya Baba, anayechomelea mageti. Ya Mama, mwenye shule ya chekechea. Ya Shangazi, fundi cherehani. Na ya Bibi, yenye orodha ya ukoo mzima, waliopo na waliotangulia, basi. Zote nne ni mtandao mmoja, kama vyumba vinne vya nyumba moja, na msimamizi mkuu ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Aliyejenga ni Kaka. Mwaka jana aliajiriwa mgodini, huko ambako simu inashika mara moja kwa wiki tena kwa kubahatisha, akaniachia funguo mimi.

Mimi, ambaye nyumbani naitwa Kimya. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, nami ni bubu katika zote mbili. Lakini katika mtandao ule hakuna aliyeweza kusogeza hata nukta bila kuniomba. Watu wazima walikuwa wanagonga mlango wangu na kusubiri. Naona haya kuandika jinsi nilivyokuwa nasikia raha. Nimeshaandika.

Mwezi uliopita Mama akasema nisiwe mchoyo, nimpe usimamizi na Injinia, maana naye ni mtoto wa nyumba hii. Injinia ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Cheo hicho alikipata akiwa na miaka saba, alipoifungua redio ya Bibi. Hajaifunga mpaka leo. Iko ndani ya mfuko. Nikampa, kwa kuandika tu barua pepe yake. Haikupita wiki, mageti ya Baba yakaanza kuwaka na kuzima kwa rangi ya zambarau, na mteja mmoja akauliza kama tunauza milango ya disko.

Ndiyo maana leo nikaamua kumvua cheo, polepole, bila kelele, asijue hata aliyemvua.

Katika orodha, Kaka alituandika mjukuu1, mjukuu2, mjukuu3, mjukuu4. Sisi wajukuu wa Bibi tuko watatu: Kaka, mimi, Injinia (nimemzidi miezi mitatu na sipendi asahau). Nikapiga hesabu. Wa kwanza Kaka, wa pili mimi, wa tatu Injinia, wa nne labda akaunti ya akiba. Jina langu la ndani sijawahi hata kulitazama; mimi huingia kwa barua pepe. Nikamshika mjukuu3, nikamshusha akawa msomaji wa kawaida.

Ukurasa ukajifunga. Ulipofunguka, juu paliandikwa: Karibu, msomaji.

Nilikuwa nimesahau kwamba Bibi huhesabu wanne. Kati ya Kaka na mimi alizaliwa mtoto aliyeishi siku tisa. Bibi hajawahi kumruka katika hesabu yoyote, na Kaka alipokuwa anaandika majina yale, Bibi alikuwa amekaa ubavuni kwake. Wa tatu ni mimi. Wa nne ni Injinia, na sasa ndiye mfalme wa ukoo mzima.

Hata hivyo kinachonikosesha raha si cheo. (Cheo nacho kinauma.) Ni hiki. Tovuti ya Shangazi ina maoni kumi na moja ya wateja, yote matamu kama asali. Yote niliyaandika mimi.

Shangazi alikuwa amefunga duka lake la kwanza. Miezi mitano hakugusa cherehani. Aliifunika shuka kama maiti. Kaka akamtengenezea tovuti ili kumchangamsha. Siku moja akaniuliza kama kuna mtu yeyote ameandika chochote. Nikatikisa kichwa kwamba yupo. Halafu ikabidi awepo. Nikamzaa Mama Mapacha: "Nina mapacha wasiotulia hata dakika moja, lakini sare alizowashonea huyu mama zimewakaa utadhani wamezaliwa nazo." Shangazi aliyasoma mara tatu. Akayachapisha kwenye karatasi, akayatia kwenye fremu. Wiki ile ile akaenda kutafuta chumba cha duka jipya, na fremu ndiyo kitu cha kwanza alichotundika.

Sasa, kila maoni, kwa ndani, yanaonyesha barua pepe ya aliyeandika. Kumi na moja yote yana barua pepe yangu. Msomaji haoni. Msimamizi anaona.

Mpaka sasa Injinia amechezea mageti tu; siku akiingia upande wa Shangazi, atajua nimemdanganya mama yake. Lazima nirudi kabla yake.


Jumanne, 5 Agosti

Shangazi ameniita dukani. Chumba chake kiko kati ya duka la dawa na fundi viatu, na kina harufu ya pasi na chaki. Alikuwa na pini nne mdomoni. Shangazi huongea zaidi na pini mdomoni kuliko watu wengine wanavyoongea bila pini.

Habari ni njema, na hapo ndipo balaa lilipo. Mwalimu mkuu wa ile shule ya barabara ya juu anataka sare arobaini. Ni mama makini, haruki hatua. Ameiona tovuti, ameyapenda maoni, hasa ya Mama Mapacha, kwa sababu watoto wake pia hawatulii. Atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Ila kabla ya hapo anaomba azungumze na huyo Mama Mapacha, mzazi kwa mzazi.

Shangazi akasema basi wewe ndiye mtu wa mitandao, nitafutie namba yake. Nikatikisa kichwa. Kichwa changu kina mazoea ya kukubali kabla mimi sijafika.

Halafu akatoa madaftari ya vipimo. Yako matatu, na kila aliyewahi kushonewa yumo: kifua, kiuno, urefu. Shangazi hamkumbuki mtu kwa jina. Hasemi yule mama wa benki. Husema yule wa bega la kushoto kushuka. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Pini akazitoa mdomoni, jambo ambalo si la kawaida. Akasema jina anaweza kulipoteza, mwili hapana, na miili miwili inayofanana angeipotezaje?

Nikasema labda walikuwa wembamba. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Njiani kurudi nikapata mpango: nitafute mama wa mapacha wa kweli, nimwombe akubali. Nimeuliza mtaa mzima, yaani nimemuuliza Mama. Mapacha wapo. Wana miaka sitini na miwili, na mama yao tulimzika mwaka juzi.


Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu.

Nimesoma asubuhi yote. Chini ya mtandao wetu kuna ghala la taarifa, na ndani ya ghala kuna mstari mmoja wenye majina ya wasimamizi wakuu. Ukiweza kuingia ghalani, unajiandika jina, umemaliza. Ufunguo wa ghala uko kwa kampuni inayotuwekea tovuti. Na mteja wa kampuni, kwenye karatasi zao, ni Baba.

Nikamfuata Baba karakanani. Nikamwambia kuna marekebisho madogo. Nikamwandikia kwenye karatasi kila kitu cha kusema, maana mimi na simu ya kampuni hatupatani. Akainua kinyago chake cha kuchomelea, akapiga. Baba huongea na simu kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mafundi wenzake wote wakaacha kazi kusikiliza.

Yule kijana wa kampuni akaomba jibu la swali la usalama, alilolichagua Kaka siku ya kujiandikisha: rafiki yako wa utotoni ni nani?

Baba akauliza yupi. Kijana akasema yeye hawezi kumwambia yupi. Baba akaanza kumsimulia mmoja mmoja, tabia zao, nyumba walizokaa, aliyekuwa anaogopa kuku. Akataja la kwanza. Silo. Akataja la pili. Silo. Mimi jibu nilikuwa nalijua, kwa sababu kuna mtu mmoja tu ambaye Kaka aliwahi kusimuliwa habari zake mpaka akazishiba: yule aliyegombana na Baba kwa ajili ya baiskeli. Nikaliandika jina kwa herufi kubwa, nikaliweka mbele ya macho ya Baba. Akalisoma. Akafunika simu kwa mkono, akaniambia huyo hakuwa rafiki. Akataja mwingine.

Akaunti imefungwa siku kumi, kwa usalama wetu wenyewe. Baba akanirudishia karatasi, akasema kijana yule amelelewa vizuri.

Jioni nilimkuta amekaa nje na glovu moja mkononi. Akaniuliza kama mtandao unaweza kumtafuta mtu hata kama zimepita miaka thelathini na tano. Hakusema nani. Nikasema unaweza. Akasema basi, siku nyingine.

Nimebaki na siku tatu.


Alhamisi, 7 Agosti

Injinia hajui kuwa ni mfalme. Huo ndio mtaji wangu. Mpango: aingie kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikiwa ubavuni, kisha nimtume maji ya kunywa. Dakika mbili zinanitosha kujirudishia cheo na kuwazika wateja wangu kumi na mmoja.

Nikaenda kwao na kompyuta chini ya kwapa. Nikamwambia tufanye majaribio ya akaunti yake. Akafurahi. Akasugua viganja. Akawa amesahau neno la siri.

Neno jipya linatumwa kwenye barua pepe yake. Barua pepe nayo alisahau neno lake la siri. Hilo nalo linatumwa kwenye laini ya simu aliyoipoteza. Tukaanza kubahatisha. Kila alilobahatisha lilikuwa neno Injinia na namba mbele yake. Nilimwandikia orodha asirudie. Tulifika Injinia arobaini na saba.

Hapo akaniuliza kwa nini nisitumie yangu. Nikasema yangu imechoka.

"Akaunti inachoka?"

Nikasema inategemea na matumizi. Akaniangalia kama anayetafuta skrubu ya kwanza ya kufungulia.

Ndipo Shangazi akatoka chumbani, tepu shingoni, akauliza kama namba nimeipata. Nikasema bado. Akakaa. Akasema ameshapitia madaftari mara tano. Ameenda hapo kwa muuza dawa kuuliza kama kuna kidonge cha kumbukumbu, muuza dawa akamuuliza anasahau nini, akashindwa kujibu, akaogopa zaidi. Alijaribu kucheka. Mama yake ana miaka themanini na moja, akasema, na anakumbuka hadi nguo uliyovaa siku ya mvua ya mwaka gani. Yeye ana hamsini na tatu.

"Labda akili inaanza kuniacha," akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakitoshi.

Injinia akaacha kubahatisha. Akamwambia mama yake asijali, kesho asubuhi ataenda kuirudisha laini yake, ataingia mwenyewe, na huyo Mama Mapacha atampata popote alipo.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno matatu tu yangetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, nayahesabu. Kisha nikaaga.

Nimekuwa nikifikiri njia nzima. Nilipoandika yale maoni niliona kama namwekea mtu mto chini ya kichwa. Sasa mto umemfunika uso. Na bado, nikijichunguza vizuri, naona kuwa asilimia kubwa ya hofu yangu ni Injinia kujua, wala si Shangazi kuumia. Naandika hivi kwa sababu daftari halina mdomo.


Ijumaa, 8 Agosti

Niliamka na namba kichwani. Mbili.

Mjukuu wa pili! Siku ya Jumatatu nilimwona kwenye orodha kwa macho yangu, ana cheo cha msimamizi mkuu, na sikushangaa kwa sababu nilidhani ni mimi. Kumbe Kaka hakumwandikia jina tu. Alimpa na funguo, sawa na mimi. Siku nne nilikuwa nahangaika na makampuni na laini za simu, na ufunguo uko kwa ndugu yangu aliyeishi siku tisa.

Nilimkuta Bibi dirishani anajipaka mafuta magotini. Nikamuuliza kama Kaka aliwahi kuweka neno la siri la yule wa pili. Akasema ndiyo, ila si Kaka aliyelichagua. Kaka alimwambia achague neno ambalo watu hawalijui na yeye hawezi kulisahau.

Akauliza nalitakia nini. Nikasema marekebisho. Akaendelea kujipaka goti la pili mpaka likaisha. Akauliza tena nalitakia nini.

Nikamwambia. Yote. Sijawahi kusema sentensi nyingi hivyo zikifuatana. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu aliyeko chumba cha pili. Bibi hakunikatiza. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza jambo moja tu, kama Shangazi ameshajua. Nikasema bado. Akaniita niiname.

Akaninong'oneza jina. Sitaliandika hapa. Nilikuwa nadhani hakuwa na jina. Nilidhani siku tisa hazitoshi kupewa. Kumbe alikuwa nalo, na ni zuri kuliko langu, na kuna mtu amelibeba miaka kumi na minane bila kumpata wa kumwita nalo. Nililiandika kwenye kompyuta herufi moja baada ya nyingine, Bibi akiangalia vidole vyangu kana kwamba naweza kulivunja.

Mlango wa mtandao ukafunguka.

Bibi akasema, haya, sasa nenda kwa shangazi yako. Nikasema naenda. Nia nilikuwa nayo kabisa.

Saa tano kamili nikajirudishia cheo. Nilikaa kidogo nikiangalia jina langu lilivyorudi juu. Kisha nikafikiri: nikienda kwa Shangazi kuna aibu, machozi na Injinia. Lakini Mama Mapacha akifutika, hakuna namba ya kutafuta. Asiyekuwepo haulizwi. Nikamfuta. Nikawafuta na wale kumi wengine, kwa heshima, mmoja mmoja.

Nikanywa chai. Ilikuwa chai nzuri.

Saa tisa ukaingia ujumbe wa Injinia. Laini ameipata, ameingia. Ujumbe wenyewe: "Nimeona kapu la taka."

Basi. Hata nukta nyingine hakuongeza. Maana kinachofutwa kumbe hakipotei, kinaenda kwanza kwenye kapu, na hukaa humo na barua pepe yake, na msimamizi anaona. Nilijua hilo. Mwaka mzima nimekuwa nikimfundisha Mama hilo hilo.


Jumamosi, 9 Agosti

Nilifika dukani saa mbili na nusu. Injinia alikuwa amefika kabla yangu, anapiga pasi vitambaa ambavyo vilishapigwa. Hatukusalimiana. Nilisubiri aseme, nimalizwe. Hakusema.

Shangazi alikuwa ameshika simu mkono mmoja, mkono mwingine ameuweka kwenye fremu ukutani. Alitaka kumwonyesha mwalimu mkuu yale maoni, akafungua tovuti, hakuna. Hakuna hata moja. Akafunga, akafungua. Akatazama fremu. Akatazama simu. Nilifuata macho yake yakienda na kurudi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya jana. Nilidhani nimeondoa swali. Nilikuwa nimeondoa ardhi chini ya miguu yake.

Akamgeukia Injinia, si mimi.

"Au niliandika mwenyewe, nikasahau?"

Injinia akaacha pasi. Akaniangalia. Angeweza kusema yeye. Ingekuwa haki yake, na tena ingekuwa tamu. Alingoja.

"Shangazi, ni mimi," nikasema.

Akauliza wewe nini. Nikasema mimi ndiye Mama Mapacha. Nikaona hajaelewa. Nikaeleza tena, nikianzia kwenye cherehani iliyofunikwa shuka. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani lakini haikukatika. Akaniuliza na yule aliyesifia kola. Mimi. Na mzee wa koti la harusi ya mwanawe. Mimi. Na yule msichana aliyesema amelia kwenye kioo. Mimi, na huyo nilimwandika siku ya mtihani.

"Kwa hiyo sijasahau mtu."

"Hujasahau mtu."

Akakaa kwenye kigoda. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha bitana, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nikadhani imeisha. Haikuwa imeisha. Bila kupandisha sauti akaniambia tangu Jumanne hajalala. Akasema jana alitoka hapa akaenda kwa fundi viatu kumuuliza jina lake, mtu wanayepakana ukuta, ili tu ajihakikishie kwamba jibu alikuwa nalo. Fundi viatu alicheka. Yeye hakucheka.

"Ulinipa wateja kumi na mmoja," akasema, "ukaninyang'anya kichwa changu."

 

Saa tatu kamili mwalimu mkuu akaingia na mkoba wake. Nilidhani Shangazi atatafuta namna. Hakutafuta. Alimwambia yote, amesimama, pini hana hata moja mdomoni. Kwamba maoni yale si ya wateja, ni ya mtoto wa kaka yake, na kwamba yeye mwenyewe amejua robo saa iliyopita. Mwalimu mkuu akaisoma fremu upya, akanitazama juu hadi chini, akasema mkono wangu wa kuandika ni mzuri, hasara ni nilivyoutumia. Kisha akasema sare arobaini hawezi. Akaagiza moja. Ya mtoto mmoja, mtundu kuliko wote shuleni kwake. Akiivaa wiki mbili na haijaachia mshono, wataongea.

Moja. Shangazi akaandika vipimo kana kwamba ni vya mtu mkubwa.

Alipoondoka, hukumu ikatoka. Mpaka shule ifunguliwe nitakaa kwenye benchi la mbele la duka, kila siku, kazi yangu kumkaribisha kila mteja na kumuuliza habari za nyumbani. Kwa sauti. Angenipiga ningeshukuru.

Injinia alinisindikiza hadi kona. Akasema kama ningemwambia tangu mwanzo angenisaidia kulimwaga lile kapu. Kisha akasema ni vizuri sikumwambia, maana angenisaidia kweli. Tumekubaliana tubaki wasimamizi wawili. Ameizima zambarau. Nimemwapia kwamba sitaandika tena neno ambalo mteja hakulisema, na nilipokuwa naapa nilikuwa namaanisha.


Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya kwanza benchini. Nimekaribisha watu sita. Mmoja alidhani nataka kumuuzia kitu, akapita moja kwa moja hadi kwa fundi viatu.

Lakini tumepata maoni ya kwanza ya kweli! Mlinzi wa benki alikuja kuchukua suruali. Mtu mrefu, miguu kama ngazi. Shangazi akamwomba aseme chochote, mimi niandike. Alifikiri sana, kofia mkononi. Akasema: "Suruali imenitosha. Mfuko wa kulia uko juu kidogo. Alichelewa siku mbili."

Nikamwangalia Shangazi. Shangazi akasema andika hivyo hivyo, neno kwa neno, tena mbele yake. Nikaandika. Yule bwana akalisoma jina lake kwenye simu yangu, akanyooka kama amepewa cheo. Shangazi akamwambia mfuko ataushusha bure. Siku nzima alikuwa anaimba. Nikafikiri: kumbe ukweli ni mdogo hivi, na unamtosha mtu.

Nimefikiri hivyo hadi saa kumi jioni.

Nimefika nyumbani, nikaifungua tovuti kuyaangalia yale maoni. Yako peke yake. Ukurasa mweupe mzima, na katikati kuna mfuko ulio juu kidogo na siku mbili za kuchelewa. Yanatia huruma. Mwalimu mkuu akifungua akakuta hivi, atafikiri nini? Na kiapo changu, nikikitazama kwa makini, kilihusu maneno ya mteja. Hakikusema lolote kuhusu mpita njia.

Kwa hiyo nimeandika kidogo hapo chini. Mistari minne tu. Mzee mmoja, si mteja hasa, aliwahi kushonewa zamani, anasema siku mbili si kitu kwa mtu anayejua kazi yake. Barua pepe safari hii nimefungua mpya. Simu hana. Amehamia mbali. Na kwa kuwa sitaki Shangazi ateseke tena hata siku moja, nimeongeza mwishoni kwamba yeye mzee ni msahaulifu sana, huchanganya mafundi na hata miji, ili Shangazi asipomkumbuka ajue moja kwa moja kwamba tatizo ni la mzee.

Nadhani sasa nimefikiria kila kitu.